Nyumba Yenye Bima na Moto wa Siku ya Maandamano

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mama mmoja wa mtaani petu, mjane aliyewalea watoto wanne katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, aliileta katika ofisi ya msikiti baada ya sala ya Alasiri, akaiweka mezani bila kusema neno. Wiki sita kabla, siku ambayo maandamano yalifika hadi barabara yetu hapa Mombasa, vijana walivunja madirisha yake kwa mawe, wakang'oa lango, wakabeba walichoweza kubeba, na mwisho wakatia moto sebuleni. Majirani waliuzima kwa ndoo za maji na mchanga kabla haujapanda ghorofani. Yeye na watoto walikuwa wamekimbilia nyumba ya pili, nao walisalimika, alhamdulillahi.

Nyumba hiyo ilikuwa na bima. Alikuwa akiilipia kila mwaka kwa miaka tisa, hajaruka hata mmoja. Sasa kampuni ilimjulisha kwa adabu nyingi kwamba hasara yake imetokana na machafuko ya kisiasa, na kwamba machafuko ya kisiasa hayamo katika mkataba wake.

Tulikaa na karatasi zile jioni tatu, baina ya Magharibi na Isha. Wengi wetu katika kamati tulikuwa hatujawahi kuusoma mkataba wa bima ya nyumba kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Tunayaandika tuliyojifunza kwa sababu Jumanne ya pili ya Agosti 2027 nchi yetu itapiga kura tena, na kwa sababu tunaamini kwamba nyumba nyingi za Waislamu wa pwani zina moja kati ya hali mbili: hazina kinga yoyote, au zina kinga ambayo mwenyewe hajui inaishia wapi.

Katika bima ya nyumba ya kawaida nchini Kenya, ile inayoyakusanya pamoja jengo na vyombo vya ndani, mna orodha ya misiba inayolipwa: moto, radi, mlipuko, mabomba kupasuka, wizi wa kuvunja, mafuriko na kadhalika. Ndani ya orodha hiyo mara nyingi hutajwa pia ghasia, migomo na uharibifu wa makusudi. Msomaji akifika hapo huridhika na kuikunja karatasi. Lakini kurasa chache mbele mna sehemu ya mambo yasiyolipwa, na humo hutajwa vita, uvamizi, uasi, mapinduzi, ugaidi, na kisha sentensi moja ndefu inayosema kwa maana hii: machafuko ya raia yaliyofikia kiwango cha maasi ya umma hayalipwi. Kwa hiyo mkono mmoja wa mkataba unatoa ghasia, na mkono wa pili unazirudisha pindi zinapokuwa kubwa. Kundi la mashabiki wa mpira likivunja kioo chako, unalipwa. Kundi lilelile likivunja kioo kilekile katika wiki ambayo mji mzima umechafuka kwa sababu ya uchaguzi, mlango wa ubishi umefunguka.

Nani anaamua kwamba ghasia zimegeuka maasi? Hapa ndipo tulipopata mshituko mkubwa zaidi. Kanuni inayojulikana ni kwamba kampuni ikidai msiba fulani umetengwa, ni juu yake kuthibitisha. Hili linaafikiana na tuliyofundishwa vyuoni, kwamba bayana ni juu ya mwenye kudai. Lakini chini ya sentensi ile ndefu paliandikwa sentensi nyingine fupi: kampuni ikisema kwamba hasara imeangukia katika sehemu hiyo, ni juu ya mwenye nyumba kuthibitisha kinyume chake. Mzigo umehamishwa. Mjane mwenye watoto wanne ndiye anayetakiwa athibitishe kwamba moto wa sebuleni kwake haukuwa sehemu ya maasi ya umma. Tuliuliza, tukaelezwa kwamba sentensi hiyo si hila ya kampuni moja. Ni maneno ya kawaida katika hati za namna hii.

Kabla ya kulaumu, ni insafu tueleze kwa nini makampuni yamejikinga hivyo. Bima husimama juu ya dhana kwamba misiba haiji kwa wote kwa pamoja. Moto wa jiko huunguza nyumba moja katika maelfu, na wale maelfu humlipia mmoja. Ghasia za kisiasa huja mtaa kwa mtaa na mji kwa mji, katika siku zilezile. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao; maduka na nyumba ziliteketea Kisumu, Eldoret, Nairobi, na hapa kwetu Mombasa pia palikuwa na uporaji. Wengi waliokuwa na bima walirudishiwa jibu lilelile alilorudishiwa mama yetu. Ni baada ya hapo ndipo watu wengi walipoanza kusikia habari ya kinga ya ziada, inayonunuliwa mbali na kuambatishwa kwenye mkataba, kwa ajili ya ghasia za kisiasa na ugaidi. Wenye hoteli na maghala waliichukua. Wenye nyumba za kuishi wengi hawakuambiwa kwamba ipo, wala hawakuuliza.

Afrika Kusini waliliona tatizo hili mapema. Baada ya mapambano ya Soweto ya 1976, makampuni ya kawaida yalijitoa katika hasara za ghasia, na mwaka 1979 kikaundwa chombo maalumu kiitwacho Sasria, ambacho sasa ni mali ya serikali, kubeba hasara za ghasia, migomo na ugaidi. Anayekata bima ya nyumba huko huongezewa kinga ya Sasria kwa ada ndogo. Julai 2021 KwaZulu-Natal na Gauteng ziliwaka, na madai yakapita randi bilioni 30. Hazina ya chombo hicho haikutosha. Serikali ililazimika kutia fedha ili watu walipwe. Lakini walilipwa. Uingereza nayo ina njia yake. Tangu 1886 sheria imeutambua wajibu wa mamlaka ya polisi kuwafidia raia waliovunjiwa mali zao katika ghasia, kwa hoja kwamba kulinda amani ni kazi yake. Sheria hiyo ilifanywa upya mwaka 2016, ikaweka kikomo cha pauni milioni 1 kwa dai moja na muda wa siku 42 wa kuwasilisha dai. Wasomaji wanakumbuka usiku wa tarehe 30 Julai 2024, wakati umati uliochochewa na habari za uongo ulipouvamia msikiti wa Southport kwa mawe na matofali, kisha fujo zikaenea miji mingine. Nchini humo hata mwenye nyumba asiye na bima ana mlango wa kugonga. Sisi hatuna chombo kama Sasria. Tunao mkataba wetu na sentensi zake, basi.

Turudi kwa mama yetu. Habari ilipoenea msikitini, mzee mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba hayo ndiyo malipo ya kuingia katika bima ya riba. Tulinyamaza siku ile kwa heshima ya mvi zake, lakini tunalijibu hapa, kwa sababu neno kama hilo humuumiza aliyekwisha umia na halimfundishi mtu kitu.

Suala la bima si geni kwa wanavyuoni. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliizungumzia bima ya shehena za baharini ambayo wafanyabiashara wa zama zake walikuwa wakiichukua kutoka kwa Wazungu, akaikataa. Desemba 1985 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jeddah iliamua kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharari kubwa inayoufisidi mkataba, na kwamba mbadala wake ni bima ya kushirikiana, iliyosimama juu ya kuchangiana na kusaidiana. Huo ndio msimamo tulioufuata nasi. Lakini mume wa mama huyu aliikata bima ile zamani, wakati alipokuwa na deni la nyumba na mwenye kumdai akaishurutisha; mjane aliiendeleza kwa kutojua kwamba kuna njia nyingine. Mtu wa namna hiyo huelekezwa. Hapigwi mawe mara ya pili.

Njia nyingine ipo. Sudan ndiko lilikoanzishwa shirika la kwanza la bima ya Kiislamu, mwaka 1979. Hapa Kenya, kampuni ya kwanza iliyosimama yote juu ya takaful ilianza kazi mwaka 2011. Katika takaful, unachotoa ni tabarrui, mchango unaoingia katika mfuko wa wanachama. Msimamizi hulipwa ujira wake wa uwakala, fedha za mfuko haziwekezwi katika riba, na ziada ikibaki mwisho wa mwaka ina utaratibu wa kurudi kwa wanachama. Mwenye kuifahamu hadithi ya Ash'ariyyina, ambao chakula kilipowapungukia walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume (s.a.w.) akawasifu kwa hilo, hataona ugeni ndani yake.

Hata hivyo, hapa tunaomba msomaji asituelewe vibaya. Takaful huusafisha mkataba, haiupanui. Hati ya takaful tuliyoisoma ilikuwa na sehemu ileile ya mambo yasiyolipwa, karibu kwa maneno yaleyale: vita, uasi, ugaidi, machafuko yaliyofikia maasi. Sababu ni ileile tuliyoitaja. Mfuko wa wanachama nao hauwezi kubeba mji mzima kwa usiku mmoja, na wale wanaoubebea mfuko mzigo wa juu, kwa njia ya bima mtawanyo, huweka masharti yao. Na vita havibebwi na mfuko wowote wa nyumba: tangu Aprili 2023 wenye nyumba wa Khartoum, katika nchi ilikozaliwa takaful yenyewe, wamekuwa mfano wa kuhuzunisha. Kwa hiyo anayehamia takaful akidhani kwamba uhalali wake umemkinga na moto wa siku ya maandamano, hajakingwa. Naye lazima aulize kiambatisho cha ghasia za kisiasa, na aulize mapema. Moshi ukishaonekana, hakuna anayeuza kinga hiyo kwa bei ya siku ya amani, na wengine hawaiuzi kabisa.

Tulipoyaelewa hayo, tuliandika jibu. Hatukubishana na kampuni kuhusu siasa. Tulichukua taarifa ya polisi ambayo mama, kwa akili aliyomjaalia Mola, aliipeleka kituoni asubuhi yake na kupewa nambari ya OB. Ilisema wazi kwamba waandamanaji walikuwa wamekwisha tawanywa, na kwamba saa mbili baadaye kundi la vijana wasiozidi kumi na watano lilirudi kuvunja na kupora nyumba tatu. Majirani watatu, mmoja wao Mkristo ambaye duka lake liliporwa usiku uleule, waliandika waliyoyaona na kutia saini. Binti wa nyumba alikuwa na picha za simu za kila chumba, za kabla na za baada, zenye tarehe. Tukasema: hawa ni wezi waliochoma moto kuficha wizi wao, huu ni wizi wa kuvunja na uharibifu wa makusudi, na yote mawili yamo katika orodha ya mnayoyalipa. Nakala tuliipeleka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo kazi yake mojawapo ni kusikiliza malalamiko ya wateja.

Ilichukua miezi mitatu. Kampuni ilimtuma mkadiriaji wa hasara kwa mara ya pili, kisha ikakubali. Mama alilia, na sisi tukadhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Hasara ilikadiriwa kuwa shilingi milioni 1.2. Hundi iliyokuja haikufika laki sita. Tuliirudia hati tukakuta sababu: nyumba ilikatiwa bima ya shilingi milioni 4, thamani iliyoandikwa na marehemu mumewe miaka mingi iliyopita, ilhali gharama ya kuijenga upya leo ni milioni 8. Aliyekinga nusu ya nyumba yake hulipwa nusu ya kila hasara, hata kama hasara yenyewe ni ndogo kuliko kiwango alichokatia bima. Juu ya hapo hukatwa ile sehemu ya kwanza ambayo mwenye nyumba hubeba mwenyewe. Hakuna aliyemdhulumu. Ilikuwa imeandikwa. Lakini kwa miaka tisa ada ilipokewa bila mtu yeyote kumuuliza kama milioni 4 bado inajenga nyumba ya ghorofa hapa Mombasa, na hilo tunaliona kuwa ni upungufu wa amana hata kama si kosa la sheria. Zilizobaki zilichangwa na jamaa wa msikiti, na fundi alipunguza ujira wake.

Yako mambo mengine tuliyoyaona tukiwa tunapekua, na tunayataja kwa kuwa yanazihusu nyumba za kwetu hasa. Katika mji huu wako wengi ambao nyumba ni yao lakini ardhi ni ya mwingine, wanailipia kodi ya ardhi. Nyumba ya namna hiyo inaweza kukatiwa bima, ila mwenyewe awe na karatasi za kuthibitisha kwamba jengo ni mali yake, tena aeleze hali hiyo tangu mwanzo. Wengi zaidi wanaishi katika nyumba ambazo bado ziko katika jina la babu aliyefariki, mirathi haijagawanywa, na hakuna anayejua ni nani atakayesaini dai. Tunawanasihi wende kwa Kadhi kwanza. Bima ni jambo la pili. Kisha kuna baraza iliyogeuzwa duka. Mali ya duka haimo katika bima ya nyumba, na duka usilolitaja linaweza kuiponza nyumba nzima, kwa kuwa umeficha jambo ambalo kampuni ilihitaji kulijua. Paa la makuti lina hesabu yake na ada yake. Dhahabu ya Bi harusi ina kikomo, na iliyo na thamani kubwa huorodheshwa moja moja.

Na kuna nyumba zilizofungwa. Familia ambazo baba na mama wako Muscat au Dubai kwa kazi, nyumba imebaki na kufuli, zijue kwamba mikataba mingi huacha kulipa wizi na uharibifu wa makusudi nyumba ikikaa bila mtu kwa siku zilizotajwa, mara nyingi 30 mfululizo. Anayekwenda Hija naye ahesabu siku zake. Kumweka kijana wa ukoo alale humo si gharama kubwa, na kuiarifu kampuni kwa maandishi ni bure.

Tusisahau kwamba ghasia hazina dini. Agosti 2012, mji wetu ulipochafuka kwa siku kadhaa, makanisa yalivunjwa na kuchomwa na watu waliodai kuwa na hasira kwa niaba yetu. Yule jirani Mkristo aliyetia saini ushahidi wa mama alitukumbusha jambo hilo, kwa upole, tukiwa tunakunywa kahawa pale pale dukani kwake. Hatukuwa na la kusema ila kumshukuru.

Baada ya kadhia hii kamati ilifungua kabati lake lenyewe. Msikiti una nyumba tatu za wakfu zinazopangishwa, na kodi zake ndizo zinazolipa umeme na posho ya walimu wa madrasa. Mbili zilikuwa na bima ya moto peke yake, kwa thamani ya zamani. Ya tatu haikuwa na chochote; kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshughulikia. Tumekwisha ziombea makadirio mapya ya gharama ya ujenzi, na tumeomba bei ya takaful pamoja na kiambatisho cha ghasia za kisiasa. Wajumbe hawajaafikiana bado kuhusu gharama hiyo, na mjadala utaendelea katika kikao cha mwezi ujao, ambacho wanajamaa wote wanakaribishwa.

Mama naye amehamia takaful. Kabla ya kutia saini alimleta wakala mpaka ofisini kwetu, akamwomba asome kwa sauti, kwa Kiswahili, ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Yule kijana alitafuta kidogo katika makaratasi yake kabla ya kuupata. Alituambia kwamba amefanya kazi hiyo miaka minne, na hakuna mteja aliyewahi kumwomba asome ukurasa ule.

Wabillahi tawfiq.